Ng'ombe wa Mama Wabaki Zizini



*Nina miaka 27. Nyumbani ni Kishapu, mkoani Shinyanga, lakini kwa sasa naishi Katoro, Geita, kikazi. Nilimaliza shahada ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2021, GPA yangu ni 3.6. Tangu mwaka uliofuata niko kwenye plenti ya kuchenjua dhahabu. Napima sayanaidi kwenye matangi na kutunza daftari la kemikali. Mkataba sina. Bosi hunilipa mkononi, na mwezi ambao mzigo ni mdogo hunipa nusu.*

*Ninatamani kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi kwa ufadhili kamili. Nimeshaomba, nimekataliwa, wala sijawahi kuitwa kwenye usaili. Sasa kuna kaka mmoja wa Mwanza, tumefahamiana kwenye kundi la WhatsApp la watafuta ufadhili. Anasema ana mtu wake ubalozini, na kwa shilingi milioni tatu na nusu jina langu litaingizwa. Nusu nitoe sasa, nusu nikishapata barua. Anataka pia picha ya kitambulisho cha taifa, vyeti vyangu vyote na neno la siri la baruapepe yangu ili anijazie fomu. Amenipa wiki mbili.*

*Nilipomsimulia mama, akasema atauza ng'ombe. Anao sita, ndio alioachiwa na marehemu baba. Wajomba wamekasirika. Wanasema nimeshasoma vya kutosha, mdogo wangu anamaliza kidato cha nne mwaka huu na ndiye wa kusomeshwa, tena nikienda Ulaya sitarudi. Halafu hata vyeti vyangu vina kasoro: jina la babu limeandikwa kwa L kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa R kwenye cheti cha kidato cha nne.*

*Shangazi, nimwache mama auze? Nimekuambatanishia insha niliyotumia mara ya mwisho uione.*

*Binti wa Kishapu, Katoro*

*Nilisahau: kuna kina mama wanaotuuzia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, pale plenti. Zebaki wanaichomea kwenye jiko lile lile la ugali, watoto wakiwa mgongoni. Nilimwomba bosi marudio yao yawekwe fungu la peke yake, akakubali baada ya kubishana sana, na Jumamosi jioni huwa nakaa nao kuwaeleza madhara. Wameanza kuniita mwalimu. Ndiyo maana nataka kusoma zaidi.*

Binti yangu. Pole kwa mzigo, na asante kwa kuniandikia kabla ya kutuma hela.

Mama asiuze hata ndama, na wewe usimpe huyo bwana senti moja wala neno la siri. Kama umeshampa, libadilishe sasa hivi, kisha urudi kuendelea kusoma.

Nina sababu za kusema kwa uhakika namna hii. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza imekuwa ikiutoa tangu 1983, hauna ada ya kuomba. Maombi husomwa na kupewa alama na jopo la watu wasiokufahamu, wanaofuzu huitwa kwenye usaili, na baada ya usaili ndipo majina hupatikana. Ule wa Ujerumani wa kozi za maendeleo, unaojulikana kama EPOS na kuendeshwa na DAAD, unaomba kwenye kozi yenyewe, na walimu wa kozi hiyo ndio wachujaji wa kwanza. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya huamuliwa na vyuo vya nchi kadhaa vinavyofundisha kozi moja kwa pamoja. Ufadhili wote huo huombwa bure. Niambie, mtu mmoja aliyekaa ubalozini Dar es Salaam ataliingiza jina lako wapi kati ya hapo?

Biashara ya huyo bwana inategemea watu waliokata tamaa. Akichukua nusu ya malipo kwa watu thelathini, yeyote atakayefaulu kwa jasho lake mwenyewe atamlipa nusu iliyobaki na kumsifia kundini. Wengine wataambiwa ushindani wa mwaka huu ulikuwa mkali, wajaribu tena. Na fedha ndiyo hasara ndogo. Akishashika vyeti na baruapepe yako anaweza kukuombea kwa barua ya kazi ya kughushi au taarifa ya benki ya uongo, na jina litakaloharibika ni lako. Uingereza ikibaini udanganyifu kwenye maombi ya viza inaweza kumfungia mwombaji miaka kumi. Jumbe zake usizifute. Zipeleke polisi, na kwa kuwa anadai kuna mtumishi anayepokea chake, wapelekee TAKUKURU pia.

Ninaelewa kwa nini maneno yake yaliingia kirahisi. Huku kwetu kwenye dhahabu, kutanguliza pesa na kungoja ni maisha ya kila siku. Mmoja anatoa matimba, mwingine unga na maharage ya wachimbaji, mwingine mafuta ya pampu, na duara, yaani shimo la dhahabu, likijibu kila mtu anachukua mgao wake wa viroba. Likikataa, wote wamelia pamoja. Lakini duara lipo, unaweza kwenda Nyarugusu ukachungulia ndani. Huyo bwana anakuuzia mgao wa duara ambalo halijachimbwa na wala halitachimbwa, na anajua kwamba desturi yetu ya kutanguliza imeshamlainishia kazi.

Tazama na msimu. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ambayo Kishapu nyasi zimekwisha, malambo yamekauka, ng'ombe wamebaki mbavu, na kila mwenye shida amefika mnadani na mfugo wake. Mama atauza kwa bei ya huruma, na mvua zitakapoanza hatakuwa na wa kulimia wala wa kukamua.

Gharama za kweli zipo, na mama azijue zote asije akadhani unamficha. Pasipoti ni shilingi 150,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si kwa simu ya mtu. Kuna kufuata transkripti chuoni na kuna wakili wa lile jina la babu. Kuna mtihani wa Kiingereza, ambao ni ghali, lakini vyuo kadhaa humkubalia mwombaji asiufanye akileta barua ya chuo chake kwamba alifundishwa kwa Kiingereza. Iombe barua hiyo siku utakayoomba transkripti. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi, basi chagua visivyotoza. Haya unaweza kuyalipa kidogo kidogo kwa mshahara wako, hata huo wa nusu nusu. Zizi halihusiki hapo. Na ukichaguliwa kwenda Uingereza utatakiwa kupima kifua kikuu, kama Mtanzania yeyote anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Wewe unayevuta vumbi la makarasha kila siku nakusihi usingoje viza. Kapime sasa, kwa ajili ya kifua chako mwenyewe.

Sasa insha. Nimeisoma kwa makini, na nadhani nimeona kwa nini hujawahi kuitwa. Inaanza kwa kusema tangu utotoni umekuwa na ndoto ya kuleta mabadiliko katika bara la Afrika. Inaendelea kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba ulikuwa katibu wa jumuiya fulani chuoni, kwamba ukirudi utaisaidia nchi yako kufikia malengo ya maendeleo endelevu. Neno Katoro halimo. Zebaki haimo. Hao kina mama hawamo kabisa. Ukifuta jina lako juu ya karatasi, insha hiyo inaweza kuwa ya kijana yeyote kutoka Accra, Dhaka au Lima, na naamini hivyo ndivyo ilivyosambazwa kwenye lile kundi: sampuli moja, kila mtu abadilishe jina la nchi.

Kisha mwishoni mwa barua, baada ya kuweka sahihi, ukakumbuka kuniambia kuhusu marudio. Binti yangu, hayo maneno uliyoyasahau ndiyo insha.

Ngoja nikueleze unachokifanya, maana sidhani kama kuna aliyewahi kukueleza kwa ukubwa wake. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na maelfu ya watu wakalemaa au kufa. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiambatisho chake kinachohusu wachimbaji wadogo wa dhahabu kinataja matendo manne mabaya kuliko yote, ambayo kila nchi mwanachama yenye uchimbaji huo inatakiwa ichukue hatua kuyakomesha: kutia zebaki kwenye mzigo mzima wa mawe, kuichoma mahali pa wazi, kuichoma kwenye makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio yaliyokwisha kutiwa zebaki bila kuiondoa kwanza. Wewe mwanakemia unaijua sababu ya hilo la nne vizuri kuliko mimi: sayanaidi huiyeyusha zebaki, nayo ikishayeyuka huenda popote maji yanakokwenda.

Huko Geneva watu waliketi mezani kuandika sentensi hiyo. Wewe uko Katoro umesimama mbele ya lori la marudio, na kwa hoja zako tu ulimfanya mwenye plenti akubali kutenga fungu. Wenzako watakaoomba nafasi hiyo hiyo watakuwa wamesoma kuhusu tatizo hilo kwenye vitabu, nawe umelishika kwa mikono.

Watu wa Kanda ya Ziwa wamewahi kusafiri na swali la nyumbani namna hiyo. Mwaka 1953 Paul Bomani, ambaye aliwahi kufanya kazi ofisini kwenye mgodi wa almasi wa Williamson pale Mwadui, wilayani kwenu, alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi, na yeye alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiwaunganisha. Alijua anachokwenda kutafuta. Akarudi, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikawa na shirikisho lao la Victoria, yeye akiwa meneja wake. Baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi hii. Mizani ya pamba ilimtuma yeye. Wewe una tangi la sayanaidi.

Kwa hiyo anza na tangi. Mimi ningefungua hivi: "Ninafanya kazi kwenye plenti inayonunua marudio kutoka kwa wanawake wa Katoro. Marudio hayo yana zebaki. Sisi tunayatia sayanaidi." Andika hivyo hivyo kwa Kiingereza, sentensi fupi, bila kupamba. Msomaji aliyeshinda na ndoto za utotoni tangu asubuhi atakaa sawa kwenye kiti.

Kisha simulia mabishano yenu na bosi. Alisema nini, ulimjibu nini, nini kilimgeuza. Fomu ya Chevening itakuuliza kuhusu uongozi, na najua ulitafuta cheo ukakuta ukatibu tu. Kumshawishi mtu mwenye mali aache sehemu ya faida yake, bila kuwa na mamlaka yoyote juu yake, ni uongozi hasa. Jioni zako za Jumamosi na wale kina mama nazo ni uongozi. Sema ni wangapi wanaokuja. Wakiwa tisa andika tisa, usiwafanye hamsini. Sema nani ameacha kuchomea jikoni na nani amekataa, na sababu aliyokupa, kwa kuwa yule aliyekataa atakufundisha zaidi kuliko walioitikia ndiyo.

Baada ya hapo ukiri mahali ujuzi wako unapokwama. Hujui kila fungu lina gramu ngapi za zebaki. Huna chombo cha kupimia. Hujui njia ya kuiondoa ambayo mwenye plenti ndogo ataimudu. Hapo ndipo shahada inapoingia, na hapo utaje masomo yenyewe ndani ya kozi uliyoichagua, uonyeshe ni lipi linajibu lipi. Ukifika kwenye swali la utakachofanya ukirudi, usiseme utalisaidia taifa. Sema utagonga mlango gani: ofisi ya madini Geita, NEMC, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa pale Mwanza. Wiki hii hii unaweza kwenda kwenye mojawapo ukauliza wana mpango gani kuhusu marudio. Ukirudi na jibu, hata liwe la kukatisha tamaa, tayari una aya moja ambayo hakuna mwingine aliye nayo.

Tahadhari moja: usiiandike kama mashtaka. Jina la plenti na la bosi si lazima yawemo, na mtu aliyekubali kusikilizwa na mfanyakazi wake anastahili kuelezwa kwa haki. Tena utamhitaji, kama utakavyoona.

Mtafute mwalimu wako wa zamani aisome na kuikosoa, lakini asiiandike yeye, wala mtu mwingine yeyote. Ukiitwa kwenye usaili utaulizwa kilichomo, na aliyekuandikia hatakuwepo chumbani.

Kuhusu kukosa mkataba, umekata tamaa mapema mno. Chevening wanataka uzoefu wa saa 2,800 baada ya kuhitimu, na wanahesabu ajira, kazi za muda na hata za kujitolea. Saa arobaini kwa wiki, hizo ni wiki sabini. Wewe umeshapita zamani. Mwombe bosi barua yenye muhuri wa plenti inayotaja tarehe uliyoanza, kazi yako na saa zako. Daftari la kemikali lenye mwandiko wako tangu 2022 nalo ni ushahidi. Piga picha kurasa chache kwa ruhusa yake. Hapo hapo umkumbushe kwa upole kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Huna haja ya kumtisha. Chagua siku ambayo kaboni imetoka vizuri.

Wadhamini wako wawe watu wanaokujua. Yule mhadhiri aliyesimamia utafiti wako wa mwisho ndiye wa kwanza, na wa pili ni bosi mwenyewe, au afisa afya wa kata kama amewahi kuwaona mkiwa kwenye kikao cha Jumamosi. Usimfuate mheshimiwa kwa sababu ya cheo chake. Barua ya mkubwa asiyekufahamu husomeka hivyo tangu mstari wa kwanza.

L na R za babu zisikukoseshe usingizi. Kwa majina ya Kisukuma karani mmoja huandika anavyosikia na mwingine anavyotamka mwenyewe, na watu wengi wa kwenu wana tatizo hilo. Kwa tofauti ya herufi, wakili atakuandalia kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Lakini usiishie hapo. Angalia kitambulisho chako cha taifa kimeandikwaje, kwa maana pasipoti itafuata hicho, kisha uzungumze na RITA kuhusu kurekebisha cheti cha kuzaliwa kiendane nacho. Lifanye kabla hujaomba pasipoti. Ukishaipata, fomu zote ziandike kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi.

GPA yako inatosha. Kwa kipimo cha vyuo vyetu 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na hilo ndilo vyuo vingi vya Uingereza hulitaka. Ila kuna mlango unaoanza kufungwa: EPOS huhitaji mwombaji awe na angalau miaka miwili ya kazi, na shahada yake ya kwanza isiwe imezidi miaka sita. Yako ni ya 2021, hesabu mwenyewe. Kwa hiyo uipe Ujerumani uzito mwaka huu, na ukumbuke kila kozi ina tarehe yake ya mwisho. Erasmus Mundus haina kikomo cha umri, na kozi zake nyingi hupokea maombi kati ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata. Kuna pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa 1959, ambao una aina kadhaa. Soma masharti ya kila aina peke yake. Nafasi zinazotolewa na nchi rafiki kupitia serikali, kama zile za China, Wizara ya Elimu huzitangaza yenyewe. Usiziombe zote kwa insha moja. Chagua mbili au tatu uziandikie kwa moyo wako wote.

Na usiache kuitazama Arusha. Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, inafundisha shahada za uzamili za sayansi na hushughulika na mazingira na maji. DAAD wana ufadhili unaomlipia Mwafrika kusoma kwenye vyuo vya kanda yake mwenyewe. Marudio yako yako umbali wa safari ya basi kutoka huko, na kwa utafiti wako huenda hiyo ikawa faida kubwa kuliko theluji ya Ulaya. Ninalisema hili kama njia yenye heshima yake kamili, na ningependa uombe huko sambamba na nje, usisubiri kwanza kukataliwa.

Nimeacha familia mwisho kwa kuwa ndiyo inayokuuma zaidi.

Wajomba zako hawakuchukii. Wamemwona dada yao mjane akitaka kuuza mali ya mwisho ya nyumba, na wamesimama mbele ya zizi. Kwenye hilo wako sahihi, waambie hivyo. Nenda Kishapu, kaa nao chini, wasalimie inavyopasa, na neno lako la kwanza liwe kwamba hakuna ng'ombe atakayeuzwa. Utaona sura zao zinavyobadilika. Wakishatulia ndipo ueleze kwamba ufadhili kamili maana yake ada, nauli na pesa ya kuishi hulipwa na mfadhili, na kwamba shahada ya uzamili ya Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja. Chevening inamtaka aliyesoma arudi nchini mwake kwa angalau miaka miwili. Sharti hilo wasomee kwa sauti, kwa kuwa ndilo jibu la hofu yao kwamba hutarudi.

Kuhusu mdogo wako, tangu 2022 serikali imefuta ada ya kidato cha tano na cha sita kwenye shule zake. Kinachobaki ni godoro, sare, nauli na michango, na hivyo navyo ni fedha, lakini zinahesabika. Andikeni kwenye karatasi. Andika na kiasi unachomtumia mama kila mwezi sasa, kisha muulizane nani ataziba pengo hilo mwaka ambao hutakuwepo. Labda mjomba mmoja, labda akiba utakayoanza kuweka leo. Usiwaahidi kwamba utatuma kutoka Ulaya. Posho ya Chevening ni ya mtu mmoja, haimhesabu mtegemezi yeyote, na nimeona vijana wanaolala na njaa ugenini ili waitimize ahadi waliyoitoa kwa furaha siku ya kuaga. Deni la Bodi ya Mikopo, kama unalo, nalo litakungoja, liweke kwenye hiyo karatasi pia.

  

Na mama. Alikuwa tayari kutoa alichoachiwa na mumewe bila hata kuuliza unakwenda nchi gani. Mshukuru kwa maneno, uso kwa uso, usidhani anajua. Halafu mpeleke Katoro Jumamosi moja akuone ukiwafundisha wale kina mama. Nadhani hajawahi kukuona ukifanya kazi yako, na akina mjomba wakirudi kumuuliza mtoto wake anakwenda kutafuta nini huko, atakuwa na la kuwaambia.

Barua ya bosi na kiapo cha jina vifuate wiki hii. Insha mpya nitumie kabla ya kuituma popote. Nitaisoma yote.

Shangazi yako